Je, kila anayejitolea ana mshahara wa siri?

Huku Kisumu, kuanzia Nyalenda hadi Ahero, wengi huamini kwamba anayejitolea lazima analipwa mahali, ila hasemi. Imani hiyo ina chimbuko: tumeona miradi ikija na posho za semina, kisha ikatoweka.

Kujitolea ni kufanya kazi kwa hiari, bila mshahara, kwa faida ya watu wasio wa nyumba yako. Kurudishiwa nauli hakuifanyi kazi hiyo kuwa ajira. Mtazame mama anayepita nyumba hadi nyumba na begi mgongoni, akipima shinikizo la damu na kuuliza kama mtoto amekamilisha chanjo. Kwa miaka mingi wengi kama yeye walifanya hivyo bila malipo. Tangu 2023, wahudumu hao, waitwao wahamasishaji wa afya ya jamii, wametengewa posho ya shilingi 5,000 kwa mwezi, nusu kutoka serikali kuu, nusu kaunti. Hiyo ni kama shilingi 166 kwa siku, na ilitangazwa hadharani.

Nao vijana wanaojaza magunia mchanga Mto Nyando ukifurika? Wengi wanaokoa mashamba ya jirani zao tu.

Ukitaka kuhakikisha, kikundi kilichosajiliwa kina cheti, na ofisi ya maendeleo ya jamii ya kaunti ndogo yako inaweza kukuthibitishia. Ukiwa mwanachama, omba kuona daftari la fedha na kumbukumbu za mikutano. Au muulize mhusika mwenyewe barazani, kwa heshima. Pesa ikiliwa, hapo ndipo itakapoonekana. Isipoliwa, mama yule ataacha kusengenywa.