Je, wajua kwa nini vinyama vyeusi huota usoni, na kwa nini kuvitoa kunataka mkono mwepesi?

Mama mdogo alianza na viwili chini ya jicho la kushoto, vidogo kama kichwa cha pini. Alikuwa na miaka 30 hivi. Leo ana 55 na mashavu yote mawili yamejaa. Akikaa karibu na dirisha unaona kwamba si madoa: vimeinuka juu ya ngozi, vingine vimelala bapa, vingine vinaning'inia kwa kishina chembamba kama uzi. Bibi alikuwa navyo, na binti wa mama mdogo, mwenye miaka 22, ameshaonyesha vitatu.

Vinyama hivi havitokani na uchafu, wala si chunusi zilizokomaa. Ni chembe za tabaka la juu la ngozi zilizozaliana kupita kawaida mahali pamoja, zikiwa zimebeba rangi nyingi. Daktari Mwitaliano Aldo Castellani alivieleza kitabibu mwaka 1925, na jina la Kilatini dermatosis papulosa nigra ndilo wanalotumia madaktari hadi leo. Huwapata zaidi watu weusi, wanawake kuliko wanaume, na huongezeka kadiri umri unavyosonga. Maabara zimekuta ndani yake mabadiliko ya jeni iitwayo FGFR3, mojawapo ya jeni zinazoamrisha chembe kukua. Mabadiliko hayo hutokea ndani ya kinyama chenyewe, lakini mwelekeo wa kuviota hufuata ukoo, kama ulivyoona kwetu. Wala haviambukizi. Chunjua ndiyo huletwa na kirusi na kuhama kutoka mtu hadi mtu. Hivi unaweza kuchangia taulo na mwenye navyo na usipate hata kimoja.

Havigeuki kuwa saratani, kwa hiyo hakuna anayelazimika kuvitoa. Wengi huvitoa kwa sababu ya sura, wengine kwa sababu vinakwaruzwa na mkufu au ushungi. Sababu zote mbili ni halali. Ninachoomba ni mtu ajue kwamba kwenye ngozi yetu hatari haiko kwenye kinyama, iko kwenye namna ya kukitoa.

Mama mdogo alikwenda saluni moja akapakwa dawa ya maji isiyo na jina kwenye chupa. Iliunguza. Vinyama vilitoka kweli, lakini mahali pa vinne pakabaki mabaka meupe, na miaka sita baadaye bado yapo. Wengine hupaka mafuta ya ganda la korosho, ambayo hubabua ngozi hata kwa tone moja. Tafadhali, usoni usiyaweke.

Kwa daktari wa ngozi njia ni kadhaa. Inayotumika sana ni sindano ya umeme mdogo: unapakwa krimu ya ganzi, unasubiri mpaka saa moja, kisha kila kinyama kinaguswa kidogo tu hadi kikauke. Gamba huanguka lenyewe baada ya siku chache, usilibandue. Chenye kishina hukatwa kwa mkasi mdogo, na kliniki kubwa zina leza. Kugandisha kwa nitrojeni ya maji, iliyo na baridi ya nyuzi 196 chini ya sifuri, ndiko kwa kuogopwa kwenye uso mweusi, maana chembe zinazotengeneza rangi hufa kwa baridi ndogo kuliko chembe nyingine za ngozi. Hapo ndipo mabaka meupe yanapotoka.

Daktari mzuri atakuuliza kwanza kama makovu yako huvimba na kukua. Kisha atatoa viwili vitatu vya pembeni, karibu na sikio, akuache wiki kadhaa aone ngozi inavyopona kabla ya kugusa mashavu. Akitaka kumaliza uso mzima siku hiyohiyo ya kwanza, uliza maswali. Na ujue vingine vitaota upya. Tabia ya ngozi haiondoki. Kwa Tanzania, kituo cha mafunzo ya magonjwa ya ngozi kilichoanzishwa Moshi mwaka 1992, hapo hospitali ya KCMC, kimefundisha wataalamu wa nchi nyingi za Afrika, kwa hiyo elimu hii ipo karibu.

Usitoe chochote kabla hakijaangaliwa ikiwa kinakua haraka, kinatoka damu, kimebadilika rangi, au vimezuka vingi ghafla ndani ya miezi michache. Doa jeusi kwenye unyayo au chini ya ukucha lina habari nyingine kabisa: saratani iliyomuua Bob Marley mwaka 1981 ilianzia chini ya ukucha wa kidole cha mguu. Na mwenye ualbino asisubiri hata kidogo, kila uvimbe mpya upelekwe kwa daktari.

Mama mdogo alirudi hospitali mwaka jana. Alitoa kimoja tu, kile cha kwenye kope kilichokuwa kikimsumbua akipaka wanja. Vingine kasema atabaki navyo, ni vya mama yake.