Tumbo la kuhara chomboni: maswali kuhusu tangi la maji na choo

Tumbo likiwasokota watu chomboni, lawama huenda kwa mpishi au kwa samaki. Mimi huanza kwa kuutazama mpira wa kujazia maji. Haya ndiyo maswali ninayoulizwa na mabaharia wa Tudor na Mtwapa, pwani ya Kenya.

Maji tumejaza ya mfereji. Ugonjwa umetoka wapi?

Pengine mpirani. Maji ya Mombasa hayatoki kila siku, kwa hiyo mpira hulala gatini siku tatu nne, ncha yake imo kwenye dimbwi lile lile lililooshewa matumbo ya samaki. Ndani huota ute. Mfereji ukifunguliwa, ute wote huingia tangini. Chombo kiwe na mpira wake wa maji ya kunywa tu, uning'inizwe, ncha zimezibwa. Kabla ya kujaza, acha maji yamwagike dakika moja au mbili.

Tazama pia vifuniko vya sitahani. Usiku mmoja nilimwona kijana akiuburura mpira kuelekea kifuniko cha tangi la choo. Vifuniko viwili, rangi moja, hatua moja kati yao. Harufu ndiyo iliyomzindua. Siku ya pili tuliandika kwa rangi, herufi kubwa: MAJI, CHOO. Andikeni na nyinyi, leo.

Na maji ya kisima, au ya mkokoteni?

Kisiwani visima vingi vimekaribiana na mashimo ya vyoo. Maji kuwa maangavu hakuthibitishi kitu. Yachemshe, au tia matone 2 ya dawa ya klorini ya asilimia 5, isiyo na manukato, kwa kila lita, kisha subiri nusu saa. Chumvi ya kisima itabaki pale pale.

Tangi lenyewe huoshwaje?

Tangi la lita 100 lijaze maji na mililita 100 za dawa hiyo ya asilimia 5. Soma kibandiko kwanza: ikiwa ni ya asilimia 3.5, tia kama mililita 140. Fungua kila bomba mpaka usikie harufu ya klorini, funga, acha saa nne au zaidi. Kisha mwaga, suuza mpaka harufu iishe. Dawa ya klorini usiichanganye kamwe na dawa ya choo yenye asidi. Mvuke wake huunguza mapafu.

Choo tukimwage wapi?

Ndani ya hori, yaani mkono wa bahari unaoingia nchi kavu, hapana. Unachomwaga maji yakipwa hurudi yakijaa, pale watoto wanapoogelea na watu wanapookota chaza. Chaza huyachuja maji na kubaki na vijidudu. Mkataba wa kimataifa wa MARPOL unataka uchafu wa choo usiosafishwa umwagwe zaidi ya maili 12 za baharini kutoka nchi kavu, chombo kikienda si chini ya noti 4, yaani maili 4 za baharini kwa saa. Uliandikiwa meli kubwa, lakini mimi naona hata mashua ifuate. Mkiwa horini au bandarini, vali ya choo ielekezwe kwenye tangi la uchafu na ifungwe kwa waya.

Naweza kuingia ndani ya tangi la uchafu nilisugue?

Usiingie. Hewa ile ya mayai viza ikizidi, pua huacha kuisikia, na mtu huanguka ghafla. Anayeshuka kumwokoa huanguka juu yake.

Mwenzetu ameanza kuhara tukiwa baharini. Tufanyeje?

Anywe maji ya chumvi na sukari tangu choo cha kwanza. Kama hamna pakiti za ORS, unga wa chumvi na sukari wa kuchanganya na maji: lita 1 ya maji yaliyochemshwa, vijiko vya chai 6 vya sukari, nusu kijiko cha chai cha chumvi, vijiko vya kusawazishwa. Akitapika, ngojeni dakika kumi, kisha mpeni kidogo kidogo. Akihara majimaji meupe kama maji ya mchele, shukuni kipindupindu, ambacho huweza kuua kwa saa chache: geuzeni chombo, mwiteni daktari awangoje gatini. Mgonjwa asishike sufuria, na maji ya tangi lile yasinywewe mpaka yachemshwe.