Kwa nini North Carolina hawakupokonywa mataji

Karatasi iliyoiumbua North Carolina ilikuwa inatuhusu sisi. Mwaka 2011, Michael McAdoo, mchezaji wa safu ya ulinzi wa timu ya futiboli ya Kimarekani ya Chuo Kikuu cha North Carolina (UNC), aliishtaki NCAA, chombo kinachosimamia michezo ya vyuo vikuu Marekani. Alikuwa amefungiwa kwa madai kwamba mkufunzi wa masomo ya ziada alimsaidia kazi za darasani kupita kiasi, naye akataka arudishwe uwanjani. Kwenye faili la kesi ikawemo moja ya kazi hizo: insha ya somo la Kiswahili, imeandikwa kwa Kiingereza, kuhusu utamaduni wa Waswahili wa pwani ya Afrika Mashariki.

Faili la mahakama husomwa na yeyote. Mashabiki wa chuo kikuu cha NC State, watani wa jadi wa UNC walioko jirani tu mjini Raleigh, wakaichukua insha ile na kuanza kusaka sentensi moja moja mtandaoni. Wakakuta vipande vizima vimenakiliwa kutoka kwa waandishi wengine. NCAA walikuwa wameipitia insha hiyo hiyo. Baraza la nidhamu la wanafunzi wa UNC nalo pia. Hawakuona kitu, kwa kuwa macho yao yalikuwa kwa yule mkufunzi: alisaidia nini, kiasi gani. Kwamba insha yenyewe ilikuwa ya wizi halikuwa swali lao. Yanga wakipewa fursa ya kukagua mikataba ya wachezaji wa Simba, hakuna nukta itakayowapita, na ndivyo ilivyokuwa.

Kuanzia hapo gazeti la News & Observer la Raleigh, hasa mwandishi Dan Kane, likaendelea kuchimba, na likafika kwenye Idara ya Masomo ya Afrika na Wamarekani Weusi ya UNC. Ripoti ya mwanasheria Kenneth Wainstein, iliyotoka Oktoba 2014, ilieleza mfumo wenyewe. Kati ya 1993 na 2011, zaidi ya wanafunzi 3,100 walisoma kozi ambazo hazikuwa na mhadhara wala mhadhiri. Mwanafunzi aliandika karatasi moja, akaiwasilisha, akapata alama nzuri. Msahihishaji alikuwa Deborah Crowder, mtumishi wa ofisi ya idara ambaye hakuwa mhadhiri. Ripoti inamtaja kuwa shabiki wa kufa wa timu ya mpira wa kikapu ya chuo, kiasi kwamba timu ikifungwa huenda asionekane kazini kesho yake. Mkuu wa idara alikuwa Julius Nyang'oro, msomi mzaliwa wa Tanzania. Hata Kiswahili, kilichokuwa kinatimiza sharti la lugha ya kigeni, kilitolewa kwa njia hiyo: mwanafunzi anaandika kwa Kiingereza kuhusu Waswahili, kisha anahesabiwa amejifunza lugha. Katika kelele zote za mashabiki zilizofuata, sijaona waliokasirikia hilo. Kiswahili kiligeuzwa kichekesho cha majukwaani, somo la wasiotaka kusoma, na wahadhiri waliokuwa wakikifundisha kwa haki katika chuo hicho hicho wakamezwa na aibu isiyo yao.

NCAA yenyewe iliyumba. Mwaka 2012 iliiadhibu futiboli ya UNC kwa makosa mengine, ikiwemo kuizuia kucheza mechi za baada ya msimu kwa mwaka mmoja, lakini kuhusu kozi zile ikasema haioni kanuni iliyovunjwa. Mwaka 2014 ikafungua upya uchunguzi. Mashtaka yakaandikwa Mei 2015, yakaandikwa upya Aprili 2016, na tena Desemba 2016. Toleo la pili liliondoa shtaka la manufaa yasiyoruhusiwa, na majina ya futiboli na mpira wa kikapu wa wanaume hayakuonekana. Mashabiki wa UNC wakapumua. Wa NC State na wa Duke, chuo kingine hasimu, wakapiga kelele kwamba kesi imeuzwa. Toleo la tatu likayarudisha yote, na zamu ya kulalamika ikahamia Chapel Hill, mji wa UNC, kwamba chuo kinawindwa. Katikati ya vurugu hizo, Aprili 2017, UNC wakaifunga Gonzaga 71 kwa 65 na kubeba ubingwa wa taifa.

Uamuzi ulitoka 13 Oktoba 2017: mataji yabaki, hakuna mechi zitakazofutwa. Hapa ndipo mabishano ya mashabiki, mpaka leo, hukosa shabaha.

Kamati ya NCAA iliyosikiliza kesi haikuulizwa kama kozi zile zilikuwa magumashi. Mwenyekiti wake, Greg Sankey, hakuzisafisha hata kidogo. Kilichoamua kesi ni milango miwili ya kikanuni. Wa kwanza ni udanganyifu wa kitaaluma, na hapo NCAA ilikuwa ikiachia chuo chenyewe kiseme kama kazi ni halali au si halali. Chombo cha ithibati, kinachothibitisha ubora wa vyuo, kilipokihoji chuo, UNC ilikubali kwamba ulikuwa udanganyifu. Mbele ya NCAA ikasimama na kozi zake, na maneno ya awali ikayaita kosa la uchapaji. Hilo bado linanishangaza. Mlango wa pili ni manufaa ya ziada: lazima mchezaji apewe kitu ambacho mwanafunzi wa kawaida hapewi. Wachezaji walikuwa karibu nusu ya waliojiandikisha. Waliobaki walikuwa wanafunzi wa kawaida waliopata alama rahisi zile zile, na uwepo wao ndio uliowaokoa wachezaji. Watani walisema UNC imegundua dawa, kwamba ukiiba gawia wote, na kwa maandishi ya kanuni ya wakati ule walikuwa sahihi. Nami naona kamati iliisoma kanuni sawasawa. Kanuni ndiyo iliyokuwa mbovu.

Aliyeadhibiwa ni Nyang'oro peke yake, kwa kukataa kushirikiana na uchunguzi. Kwa miaka mitano, chuo chochote mwanachama ambacho kingetaka kumpa kazi kwenye idara ya michezo kingepaswa kujieleza kwanza. Profesa wa siasa za Afrika hana haja na kazi hiyo, na mashabiki wa pande zote mbili walicheka, labda kwa mara ya kwanza, kwa jambo moja.

Walioumia walikuwa mbali na North Carolina. Chuo Kikuu cha Missouri kiligundua kwamba mkufunzi mmoja aliwafanyia kazi za masomo wachezaji 12. Kikakiri na kushirikiana na NCAA. Januari 2019 kikazuiwa kucheza mechi za baada ya msimu katika futiboli, besiboli na softiboli. Kamati ilieleza tofauti yenyewe: Missouri walikubali kwamba kazi haikuwa ya wachezaji, UNC walisimama na kozi zao. Mashabiki wa Missouri walisoma sentensi hiyo na kuuliza, basi kukiri kuna faida gani? Chuo kikakata rufaa. Novemba 2019 rufaa ikatupwa.