Je, mahali patupu kwenye ramani ya kale hapakuwa na watu?

Wengi nchini Uganda huamini kwamba eneo lililoachwa tupu kwenye ramani ya zamani lilikuwa pori lisilo na watu, na imani hiyo inaeleweka, kwa kuwa ramani huonekana kama picha kamili ya nchi. Hata hivyo, mchoraji huonyesha kile alichotumwa kukipima, na pale alipoishia ndipo mchoro unapoishia.

Tazama bonde la mto Katonga: huko Bigo bya Mugenyi kuna mahandaki yenye jumla ya urefu wa zaidi ya kilomita 10, yaliyochimbwa karne kadhaa kabla ya wapimaji wa kikoloni kufika, kazi isiyowezekana bila watu wengi waliopangwa vizuri. Vilevile, Mkataba wa Buganda wa 1900 ulikadiria maili za mraba 9,000 kuwa ardhi isiyolimwa na kuiweka chini ya Uingereza, ilhali upimaji wenyewe ulifanyika baadaye. Tena, ardhi kutolimwa si kukosa wenyewe, kwani wafugaji huitumia bila kuilima.

Msomaji aanzie pembeni mwa ramani, ambako aghalabu huandikwa mwaka, skeli na maelezo ya alama, akijiuliza kama ilichorwa kwa ajili ya reli, kodi au mipaka. Kisha ailinganishe na ramani nyingine ya eneo hilohilo, majina ya vilima wanayoyakumbuka wazee, na picha za setilaiti. Ramani mbili zinapopingana, asiharakishe kuitupa mojawapo. Kwa maoni yangu, tofauti hiyo ndiyo inayostahili kuchunguzwa kwanza.