Vita vya 1914 vilisafiri kwa reli, vikafika kwetu vichwani mwa wapagazi

Swali ninaloulizwa kuliko yote kuhusu Vita Kuu ya Kwanza ya Dunia ni hili: nani alivianzisha? Wanafunzi wanataka jina, na jina lipo. Tarehe 28 Juni 1914, mjini Sarajevo, kijana wa miaka 19 aitwaye Gavrilo Princip alimpiga risasi Franz Ferdinand, mrithi wa kiti cha enzi cha Austria-Hungaria, pamoja na mkewe Sophie. Lakini wafalme walikuwa wakiuawa Ulaya miaka ile. Wa Italia aliuawa 1900, wa Ureno 1908, wa Ugiriki 1913, na dunia haikuwaka moto. Kwa hiyo mimi huwa naligeuza swali: kwa nini mauaji haya yalizaa vita vya mataifa makubwa ndani ya siku 37?

Kazi yangu ni historia ya ugavi wa kijeshi, yaani namna watu, chakula na risasi vinavyotolewa hapa kufikishwa pale. Ukivitazama vita vile kwa jicho hilo, utaona jambo ambalo vitabu vya shule hulipita haraka mno. Usafiri ndio uliowanyima wakubwa muda wa kufikiri, ndio uliovisambaza vita, na ndio ulioamua watu wafe namna gani.

Karibu mwezi mzima wa mwanzo ulipita kwa barua na vikao. Mapema Julai Ujerumani iliiahidi Austria kuwa itasimama nayo kwa lolote. Tarehe 23 Austria ikaipa Serbia, iliyoilaumu kwa mauaji yale, masharti mazito na saa 48 za kujibu, na tarehe 28 ikatangaza vita. Mpaka hapo ulikuwa ugomvi wa majirani wawili. Shida ni kwamba majeshi ya bara lile yaliegemea askari wa akiba, wanaume waliokuwa mashambani na viwandani, ambao ilibidi waitwe, wavalishwe sare, wapandishwe treni na kushushwa mpakani kwa ratiba iliyopangwa miaka kabla. Anayemaliza kwanza ndiye anayepiga kwanza. Urusi, iliyokuwa upande wa Serbia, ilipoamuru tarehe 30 Julai askari wake wote waitwe, kule Berlin kila saa iliyopita ilihesabiwa kuwa hasara.

Na mpango wa Ujerumani ulikuwa mmoja tu: kuivamia Ufaransa, mshirika wa Urusi, kwanza kwa kupitia Ubelgiji, kuimaliza upesi, kisha kuigeukia Urusi kabla haijajikusanya. Ndiyo maana ugomvi ulioanzia Balkani ulifanya mizinga ya kwanza mikubwa ipigwe Liège, mji wa Ubelgiji usiohusika kabisa na Sarajevo.

Siku ninayoirudia kila ninapofundisha ni tarehe 1 Agosti. Jioni ile Kaiser Wilhelm II, mfalme wa Ujerumani, alipokea taarifa kutoka London iliyoonekana kusema kwamba Uingereza ingekaa kando iwapo Ufaransa haitashambuliwa. Alifurahi sana. Akamwambia mkuu wa majeshi, Helmuth von Moltke, basi tulipeleke jeshi lote mashariki. Moltke akakataa. Alisema jeshi la mamilioni haligeuzwi usiku mmoja, na ukilazimisha utapeleka kundi la watu wenye silaha wasio na chakula. Ratiba yake ilikuwa na treni zipatazo 11,000. Kwenye daraja la Köln peke yake zilipita moja kila dakika kumi hivi, usiku na mchana, kwa zaidi ya wiki mbili. Saa chache baadaye ikajulikana kuwa taarifa ile ilieleweka vibaya, na treni zikaendelea kuelekea magharibi. Vita vilipokwisha, jenerali aliyekuwa akisimamia reli za jeshi aliandika kitabu kizima kuonyesha kwamba kugeuza kungewezekana. Nikisoma hoja zake naona zina uzito. Lakini mkuu wake hakuwa amejiandaa hata kuuliza, na hilo ndilo linalonisumbua zaidi.

Tarehe 4 Agosti Wajerumani waliingia Ubelgiji, nchi ambayo mataifa makubwa, Ujerumani ya zamani ikiwemo kwa jina la Prussia, yaliahidi mwaka 1839 kutoigusa. Uingereza ikaingia vitani usiku huohuo.

Kisha reli ikawageukia walioitegemea. Wabelgiji walibomoa njia na mahandaki ya treni wakati wakirudi nyuma, hivyo jeshi la jenerali wa Kijerumani Kluck lililokuwa likiikaribia Paris lilikwenda kwa miguu, mwisho wa reli ukiwa zaidi ya kilomita 100 nyuma yake, farasi hawana lishe, askari wanasinzia wakitembea. Wafaransa walikuwa nyumbani, na treni zao zilihamisha vikosi kutoka mpaka wa mashariki hadi Paris kwa siku chache. Pale mtoni Marne, mwezi Septemba, wachovu walikutana na walioshushwa kwenye mabehewa. Hadithi ya teksi za Paris zilizopeleka askari vitani ni ya kweli na inapendeza, ila walioletwa na treni walikuwa wengi zaidi sana.

Kuhusu kusambaa, watu hudhani vita vilifika Afrika na Asia kwa sababu tu makoloni yalifuata mabwana zao. Ipo sababu ya karibu zaidi. Alfajiri ya 5 Agosti, meli ya Uingereza iitwayo Alert ilikata nyaya za simu za Wajerumani zilizopita chini ya bahari. Kuanzia hapo Berlin ilizungumza na manowari zake za mbali kwa simu ya upepo, na minara mikubwa ilikuwa kwenye makoloni: Kamina huko Togo, Windhoek, Dar es Salaam, na visiwa vya Pasifiki. Kila mnara ukawa shabaha. Tarehe 8 Agosti, siku nne tu baada ya Uingereza kutangaza vita, manowari Astraea ilikuwa mbele ya Dar es Salaam ikipiga mizinga kuulenga mnara. Kabla mwezi haujaisha Wajerumani wa Togo waliulipua wa kwao kwa mikono yao ili usitekwe. Japani ikauchukua mji wa Qingdao, koloni la Wajerumani huko China, mwezi Novemba. Dola ya Uthmaniya iliingia mwishoni mwa Oktoba, Italia 1915, Ureno 1916, na Marekani 1917 baada ya nyambizi za Ujerumani kuanza kuzamisha meli bila kuchagua.

Kuna tukio moja la pwani yetu ambalo wanahistoria wa Ulaya hulitaja kama kioja, nami nalihesabu kuwa somo kamili la mapigano ya kisasa. Manowari ya Kijerumani Königsberg, baada ya kuizamisha Pegasus ya Waingereza hapo Unguja tarehe 20 Septemba 1914, ilijificha kwenye matawi ya mto Rufiji, ndani ya mikoko. Meli kubwa hazikuweza kuifuata kwa kina cha maji, na kutoka baharini haikuonekana. Waingereza wakaleta meli mbili za tumbo bapa, Severn na Mersey, na ndege. Jaribio la 6 Julai 1915 lilishindwa. Tarehe 11 walirudi. Wapiga mizinga walikuwa wakipiga kitu wasichokiona, huku mtazamaji aliye juu akiwaambia kwa simu ya upepo kila kombora limeangukia wapi: mbele mno, kushoto, rekebisha. Ndege ikapigwa. Rubani akawa anaishusha injini ikiwa imekufa, na mtazamaji wake hakuacha kutuma masahihisho mpaka walipotua mtoni. Makombora yakaipata Königsberg, na nahodha wake akaamua kuiharibu mwenyewe. Wajerumani baadaye waliopoa mizinga yake kumi, wakaifungia magurudumu na kupigana nayo nchi kavu.

Hicho kilichofanyika Rufiji ndicho kilichohitajika Ufaransa, na kilichukua miaka kukamilika.

Maana kule mapigano yalikwama kwa sababu ya hesabu rahisi. Mahandaki yalitoka Bahari ya Kaskazini hadi mpaka wa Uswisi, kilomita 700 hivi. Wengi wanaamini kazi ngumu ilikuwa kuliteka handaki la kwanza la adui. Mara nyingi liliweza kutekwa. Kazi ilikuwa kubaki ndani yake. Aliyeshambulia alivuka kwa miguu ardhi iliyochimbuliwa na makombora yake mwenyewe, waya wake wa simu umekatika, kamanda wake yuko nyuma hajui chochote mpaka tarishi afike akiwa hai. Anayejihami huletewa askari wapya kwa treni. Aliye kwenye treni humshinda anayetembea, kila mara. Huko Somme Waingereza walipiga makombora zaidi ya milioni 1.5 kwa siku saba, na asubuhi ya 1 Julai 1916 vijana walipotoka mahandakini walikuta seng'enge haijakatika na bunduki za rasharasha zinawasubiri. Siku moja: majeruhi na wafu 57,470, kati yao 19,240 walikufa.

Gesi ya sumu ilitumika kwa wingi Ypres tarehe 22 Aprili 1915, na vifaru vilionekana mara ya kwanza Septemba 1916. Vyote vilitisha. Lakini nikiulizwa ni nini kilichobadilisha mapigano, nataja sayansi ya mizinga. William Lawrence Bragg, aliyepata tuzo ya Nobel ya fizikia akiwa na miaka 25, aliongoza kazi ya kupanga maikrofoni kwenye mstari mrefu nyuma ya mahandaki. Mlio wa mzinga wa adui ulizifikia kwa kupishana sehemu ndogo ya sekunde, na kwa tofauti hizo wakapiga hesabu ya mahali ulipo. Ukijumlisha picha zilizopigwa na ndege, ramani sahihi, na vipimo vya upepo na joto, mzinga unaweza kumpata adui kwa kombora la kwanza bila wiki nzima ya kumwamsha. Tarehe 8 Agosti 1918, karibu na Amiens, mizinga takriban 2,000 ilifyatuliwa kwa pamoja alfajiri, na mingi ya Wajerumani ilinyamazishwa kabla haijajibu. Vifaru na askari wa miguu wakafuata ukungu ukiwa haujaondoka.

Wajerumani nao mwezi Machi mwaka ule walikuwa wamevunja mstari na kusonga kilomita 60 hivi. Waliishia wapi? Karibu na Amiens hiyohiyo, makutano ya reli, chakula na makombora vikiwa vimebaki nyuma.

Afrika Mashariki hesabu ilikuwa ileile, ila bila magurudumu. Palipokuwa na reli, reli iliamua. Mwezi Novemba 1914 Waingereza walileta Tanga askari wapatao 8,000 kutoka India. Lettow-Vorbeck, kamanda wa Wajerumani, alikuwa na karibu 1,000, aliowashusha kwa treni ya Usambara kutoka upande wa Moshi wakati wavamizi wakisitasita baharini. Waliovamia walikimbilia melini na kuacha bunduki za rasharasha 16 na risasi 600,000.

Mbali na reli, mbung'o waliwaua farasi, nyumbu na ng'ombe kwa makumi ya maelfu. Akabaki mtu. Mpagazi hubeba kilo 25 hivi na hula takriban kilo moja ya unga kwa siku. Kituo kikiwa umbali wa siku kumi, kwenda na kurudi atakula kilo 20, na atakuwa amefikisha tano. Kituo kikisogea siku mbili na nusu mbele, hafikishi kitu. Dawa ya makamanda ilikuwa kuongeza wapagazi, nao wapagazi wakahitaji wapagazi wa kuwabebea posho. Lettow alijua alichokuwa akifanya alipowavuta Waingereza kusini hadi ng'ambo ya Ruvuma.

Walichukuliwa wanaume kutoka Kenya, Uganda, Nyasa (Malawi ya leo), Kongo, na Tanganyika, ambako pande zote mbili ziliwachukua. Waliozoea ndizi walipewa unga wa mahindi, kuni na muda wa kuuivisha havipo, wakapata kuhara damu. Malaria na homa ya mapafu vikamaliza kazi. Kwa upande wa Waingereza pekee waliotumika ni karibu milioni moja, na vifo vilivyoandikwa ni kama 95,000. Siamini kwamba walioandikwa ndio wote. Lettow alisalimisha silaha huko Abercorn, ambayo leo ni Mbala, Zambia, tarehe 25 Novemba 1918, wiki mbili baada ya Ulaya kunyamaza, na wapagazi waliofika naye salama wengine walikufa kwa mafua makali ya mwaka ule.

Mwaka 2021 Tume ya Makaburi ya Vita ya Jumuiya ya Madola ilikiri kwamba watu wasiopungua 116,000, wengi wao Waafrika, hawakukumbukwa kwa majina, au hawakukumbukwa kabisa, na kwamba huenda walifika 350,000. Iliomba radhi, na kazi ya kuyatafuta majina kwenye nyaraka inaendelea. Kama kwenu kuna mzee aliyesimuliwa habari za babu aliyechukuliwa kubeba mizigo ya vita vile, muulize jina lake kamili, ukoo, kijiji, na nani aliyemchukua, kisha yaandike leo.