Pogues: bendi ya London inayodhaniwa ni ya Dublin

Desemba ikifika, ule wimbo wa Krismasi wa Pogues, Fairytale of New York, husikika hadi huku Mombasa, na pamoja nao hurudi maneno yale yale: kwamba hawa ni walevi wa Ayalandi waliojikuta studio. Bendi hii inastahili kuelezwa vizuri zaidi ya hivyo.

Dhana: ni bendi ya Ayalandi. Ilianzishwa London, mtaa wa King's Cross, mwaka 1982. Shane MacGowan, mwimbaji na mtunzi mkuu, alizaliwa Kent, Uingereza, na wazazi Waayalandi. Spider Stacy alizaliwa Eastbourne, Jem Finer Stoke-on-Trent, James Fearnley karibu na Manchester, Andrew Ranken London. Cait O'Riordan, msichana wa gita la besi, alizaliwa Lagos, Nigeria. Waayalandi wa kuzaliwa walikuja baadaye: Philip Chevron wa gita na Terry Woods wa mandolini, wote wa Dublin. Kwa hiyo muziki huu ni wa watoto wa wahamiaji na majirani zao, na ndiyo maana una uchungu wa kwao usiokuwepo kwa mtu ambaye hajawahi kutoka nyumbani.

Dhana: jina halina maana. Mwanzoni walijiita Pogue Mahone, tusi la Kiayalandi la kumwambia mtu akubusu makalio. Mwaka 1984 wasikilizaji waliokijua Kigaeli cha Uskoti, lugha ndugu ya Kiayalandi, walilalamika BBC, jina likakatwa likabaki The Pogues.

Kosa kubwa kuliko yote ni kudhani kwamba Pogues ni Shane peke yake na wengine ni wapambe. Shane alikuwa mshairi hasa, hilo halina ubishi, na pombe ilimmaliza kazini kiasi kwamba wenzake walimwachisha 1991 wakiwa ziarani Japani. Alifariki Novemba 2023. Lakini sikiliza kilicho chini ya sauti yake. Finer aliacha gita akashika banjo, na alitunga nyimbo kadhaa pamoja na Shane. Fearnley alikuwa mpiga gita wa bendi ya awali ya Shane, ikabidi ajifunze kodiani. Stacy alipuliza filimbi ya bati. Ranken alipiga ngoma chache tu akiwa amesimama, bila seti kamili, na hapo ndipo ile sauti ya mwendo wa miguu ilipotoka. Woods alikuwa mkongwe aliyeshiriki kuanzisha Steeleye Span, bendi ya Uingereza ya muziki wa kienyeji, mwaka 1969. Cait aliondoka 1986, nafasi yake akaichukua Darryl Hunt. Shane alipotolewa, Joe Strummer wa The Clash, bendi ya punk ya London, aliimba kwa muda. Wengine humhesabu kuwa mwanzilishi, na hakuwa. Baadaye Stacy mwenyewe akashika maikrofoni hadi bendi ilipovunjika 1996. Walirudiana 2001.

Watu pia huapa kwamba Dirty Old Town, ambao Pogues waliuimba, ni wimbo wa kale wa Ayalandi. Uliandikwa na Ewan MacColl mwaka 1949 kuhusu Salford, mji wa viwanda wa Uingereza alikozaliwa. Na binti yake, Kirsty MacColl, ndiye sauti ya kike katika Fairytale of New York ya 1987. Hakuwa ameajiriwa kuimba: mumewe, Steve Lillywhite, alikuwa mtayarishaji wa albamu, akamrekodi nyumbani ili kuonyesha tu sehemu ya mwanamke ingekaaje. Walipoisikia hawakutafuta mtu mwingine. Tena wimbo haukufika namba moja Uingereza Krismasi ile. Uliishia namba mbili nyuma ya Pet Shop Boys.

Dhana: chukua wimbo wa kienyeji, ongeza kasi, umepata muziki wao. Hapa ndipo vijana wanaojaribu mtindo huu hukwama. Jigi, muziki wa dansi wa Ayalandi, ni mapigo sita, 6/8, naye mwanamuziki wa Mombasa ana bahati kwa sababu chakacha, ngoma ya pwani, nayo huhesabiwa kwa sita. Tofauti ni uzito: jigi hukanyaga pigo la kwanza na la nne, ilhali chakacha huchezesha mapigo mawili dhidi ya matatu kwa wakati mmoja. Anza polepole, ukikimbiza kabla mkono haujazoea, mapigo sita hugeuka manne na ngoma inakufa.

Kisha kuna kulinganisha sauti. Kodiani hailinganishwi jukwaani, kwa hiyo banjo na filimbi ndizo ziifuate. Filimbi ya kawaida ni ya D, ina matundu sita, na inatosha vizuri kwa D na G. Ikipata joto sauti yake hupanda. Ipashe kwa pumzi kabla ya kulinganisha. Kama kichwa chake cha plastiki kimegandishwa kwa gundi, kichovye katika maji moto kama nusu dakika, ukizungushe taratibu, kisha ukivute kidogo ili kushusha sauti.

Waliozoea taarabu wajue kwamba kodiani ya kawaida haina robo sauti, yaani zile sauti zilizo katikati ya funguo mbili zinazofuatana. Ukiibeba kwenye maqamu (ngazi za sauti za Kiarabu) ya Rasti au Bayati, udi na fidla zitashuka pale ambapo kodiani inabaki juu, na sikio litasikia ugomvi. Mpiga kodiani aruke sauti hizo au anyamaze.

Hewa ya chumvi nayo si rafiki. Ndimi za chuma ndani ya kodiani hushika kutu, na vipande vya ngozi vinavyozifunika hukunjamana, sauti ikakwaruza. Iweke sandukuni, mbali na dirisha la baharini, pamoja na vifuko vya kukausha unyevu, na ipigwe kila wiki. Banjo ya ngozi ya mbuzi hulegea masika. Uso wa plastiki haulegei hivyo.