iPhone au Android? Dhana Potofu Zinazomponza Mnunuzi wa Simu ya Kwanza

Msimu wa karafuu uliopita ulipomalizika, mpwa wangu alipanda boti Mkoani, Pemba, akashuka bandari ya Malindi, Unguja, na fedha za kununulia simu janja ya kwanza maishani mwake, na kabla hatujafika soko la Darajani alikuwa ameshapewa ushauri na watu wanne: abiria aliyekaa naye, mchukuzi wa bandarini, kijana mmoja wa barazani na binamu yake aliyempigia kutoka Dar es Salaam. Kila mmoja alikuwa na hakika na alichokisema, na hapakuwa na wawili waliokubaliana. Aliponiuliza, “Mjomba, sasa nichukue iPhone au Android?” nilimjibu kwamba swali lenyewe limekaa upande, kwa kuwa vitu hivyo viwili si vya aina moja.

Wengi wetu tunaamini kwamba iPhone ni simu ya ghali na Android ni simu ya bei rahisi. Ukweli ni kwamba iPhone ni simu inayotolewa na kampuni moja tu, Apple, tangu mwaka 2007, na mfumo endeshi wake, yaani programu kuu inayoiendesha simu, unaoitwa iOS, haupatikani ndani ya simu ya kampuni nyingine yoyote. Android si simu. Ni mfumo endeshi ulionunuliwa na Google mwaka 2005, ukaingia sokoni mwaka 2008 ndani ya simu ya HTC, na Google huwaachia watengenezaji wengine wautumie, ndiyo maana utaukuta kwa Samsung, Tecno, Infinix, itel, Xiaomi na Oppo. Kwa hiyo jina hilo moja linabeba simu ya laki mbili pamoja na simu ya milioni kadhaa inayoipita bei iPhone mpya. Anayeishika Android ya laki mbili, akaishika na iPhone ya milioni mbili, kisha akatoa hukumu kwamba “Android ni nzito”, amelinganisha ngalawa na jahazi halafu akailaumu bahari.

Dhana inayowagharimu watu zaidi, kwa ninavyoona, ni ile isemayo kwamba iPhone iliyotumika ni bora kuliko Android mpya yoyote. Ina chembe ya ukweli ndani yake, na chembe hiyo ndiyo inayoipa nguvu. Apple huzipelekea simu zake masasisho, yaani matoleo mapya na marekebisho ya mfumo endeshi, kwa miaka mingi: iPhone 6s ya mwaka 2015, kwa mfano, ilianza na iOS 9 ikaendelea kupandishwa hadi iOS 15, wakati simu nyingi za bei ya chini za Android huachwa baada ya miaka miwili au hata kabla yake. Lakini miaka hiyo huhesabiwa tangu aina hiyo ya simu ilipotoka, si tangu siku uliyoilipia wewe dukani. iPhone XS na XR za mwaka 2018, ambazo bado zinang'aa kwenye makabati ya vioo, hazikupata iOS 26 iliyotoka mwaka 2025. Mwezi Mei mwaka huohuo WhatsApp iliacha kufanya kazi kwenye simu za Apple zisizofikia iOS 15.1, na hapo iPhone 5s, 6 na 6 Plus zikawa si simu tena kwa mtu ambaye mazungumzo ya familia, kikundi cha skuli na wateja wake wote wamo humo. Upande wa pili nao umebadilika: Google kuanzia Pixel 8 ya mwaka 2023, na Samsung kuanzia Galaxy S24 ya mwaka 2024, wameahidi masasisho ya miaka saba kwa simu hizo. Swali la kumuuliza muuzaji, basi, ni mwaka ambao simu ilitoka na miaka iliyobakia.

Kuna jambo jingine la simu zilizotumika ambalo nitalieleza kama nilivyoliona. Mpwa wangu aliletewa iPhone safi, haina hata mkwaruzo, tukaambiwa ni mzigo wa Dubai. Nikafungua Mipangilio, na juu kabisa palikuwa na akaunti yenye jina la mtu ambaye hata muuzaji hakumjua. “Mwenyewe kasahau nenosiri tu, fundi ataitoa,” tukajibiwa, kwa sauti ya mtu anayezungumzia vumbi. Hakuna fundi wa kuitoa. Tangu mwaka 2013 iPhone hufungamana na akaunti ya mwenyewe kwa kufuli ambalo halikai ndani ya simu bali kwenye kompyuta za Apple, kwa hiyo hata ukifuta kila kitu, simu ikiwashwa upya itaulizia nenosiri la yule yule wa mwanzo. Android nayo ina kufuli la namna hiyo tangu toleo la 5.1 la mwaka 2015, ingawa kwenye baadhi ya simu zake mafundi wamejua kulikwepa. Dawa ni moja kwa pande zote mbili: muuzaji aiondoe akaunti mbele ya macho yako, simu ifutwe yote, iwashwe upya ikiwa kwenye intaneti, uingize akaunti yako mwenyewe, ndipo utoe fedha. Papo hapo bonyeza *#06# uone IMEI, yaani namba ya utambulisho wa simu yenyewe, uilinganishe na ile ya kwenye boksi, kisha uitume kwa ujumbe kwenda 15090 ili upate jibu la mfumo wa TCRA, Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania. Waliokuwa na simu feki mwezi Juni mwaka 2016, zilipozimwa nchi nzima kwa usiku mmoja, wanaikumbuka sababu ya kufanya hivyo.

Ya pili tuliyoletewa haikuwa na jina la mtu. Mpwa wangu aliigeuza pande zote nne, akapitisha ukucha ubavuni, akauliza, “Mjomba, laini inaingia wapi?” Haikuwa na pa kuingilia. Ilikuwa iPhone 14 iliyouzwa kwa ajili ya soko la Marekani, na huko kuanzia toleo hilo la mwaka 2022 Apple iliondoa kabisa kitundu cha laini, ikabaki na laini ya kidijitali, yaani eSIM. Si simu mbovu, lakini anayeinunua lazima kwanza aende kwa kampuni yake ya simu akahakikishe kwamba atasajiliwa laini ya namna hiyo. Zipo pia zilizofungiwa mtandao wa nje, ambazo zina kitundu lakini zinaikataa laini ya hapa. Kwa hiyo nenda dukani na laini yako mfukoni, uiingize, upige simu na uifungue intaneti kabla ya kukubaliana bei. Watu wetu wengi hutumia laini mbili, moja ya kupigia na moja ya fedha, na simu nyingi za Android zinazouzwa hapa huzipokea zote mbili bila masharti.

Wasemao kwamba huduma za fedha kwa simu zinataka Android, au kwamba iPhone inazisumbua, wamekosea. Menyu ya *150*00# na wenzake hupitia mtandao wa simu wenyewe bila intaneti, ndiyo maana hata kitochi kinaifungua.

Vilevile si kweli kwamba iPhone haidukuliki. Apple huzipekua programu kabla ya kuziruhusu dukani kwake na kwa kawaida haimwachii mtumiaji kuingiza programu iliyotumwa kwa bluetooth au WhatsApp, jambo ambalo Android hulikubali ukilipa ruhusa, na huko ndiko uchafu mwingi unakoingilia. Hata hivyo programu ya kijasusi ya Pegasus imekutwa kwenye simu za pande zote mbili. Na aliyetumiwa ujumbe wa “ile pesa tuma kwenye namba hii” akatuma, amelizwa na maneno, si na mfumo endeshi.

Kuhusu namba zinazoandikwa kwenye maboksi nitasema machache. Apple ilibaki na kamera kuu ya megapikseli 12 tangu iPhone 6s hadi iPhone 13, na watu hawakuacha kuzisifu picha zake, kwa hiyo kamera ya megapikseli 50 kwenye simu ya bei rahisi haijathibitisha chochote mpaka umepiga picha ndani ya duka penye kiza kidogo. Ukiona RAM, yaani kumbukumbu ambayo simu huitumia inapofanya kazi, imetangazwa kuwa gigabaiti 8, soma maandishi madogo: mara nyingine 4 ndizo za kweli na 4 zimeazimwa kutoka kwenye hifadhi, yaani sehemu ya kuwekea picha na programu. Hifadhi yenyewe iangalie kwa makini zaidi ikiwa ni iPhone, kwani haina pa kuongezea kadi ya kumbukumbu.

Kwetu visiwani ipo dhana nyingine inayopendwa sana, kwamba simu yenye alama ya IP68, ile ya kuhimili vumbi na maji, inaweza kuingia baharini. Kipimo hicho hufanywa kwa maji yasiyo na chumvi, kwa kina na muda uliowekwa, na kwa simu mpya. Ikishabadilishwa kioo mtaani, gundi ya kuzuia maji huenda haipo tena, na dhamana ya Apple haigharimii madhara ya maji hata siku ya kwanza. Nilimwona fundi akiifungua simu ya mama mmoja mkulima wa mwani, aliyeiangusha maji yalipokupwa akaiokota mara moja, akaifuta kwa kanga na usiku akaichaji. Tundu la chaji lilikuwa limeota kutu ya kijani kama sarafu ya kale, kwa sababu umeme ukikutana na maji ya chumvi hula chuma kwa kasi. Alikuwa ameilaza pia ndani ya mchele siku mbili. Apple yenyewe ilitoa maelekezo mwaka 2024 ikikataza mchele, kwa kuwa chembe zake zinaweza kuingia na kuharibu. Ilitakiwa izimwe, ikaushwe penye upepo, na isiguswe na chaji.

Mwisho ni hofu ya kwamba ukishachagua upande mmoja umefungwa maisha. Majina, picha, na hata mazungumzo ya WhatsApp huhamishika kutoka upande mmoja kwenda mwingine. Kisichohama ni programu ulizozilipia. Tofauti ya kuikumbuka ni ya hifadhi ya bure mtandaoni, ambayo kwa Google ni gigabaiti 15 na kwa Apple ni 5, na tano hujaa upesi kwa mtu mwenye watoto wadogo.

Tulitoka Darajani saa tisa za mchana. Alichukua Android mpya ya bei ya kati, yenye laini mbili, na alichokifanya kwanza ni kuibadilisha lugha iwe Kiswahili ili mama yake aweze kuitumia yeye mwenyewe akiwa hayupo kumsaidia. Kitochi hakukiuza, alikirudisha Pemba mfukoni, kwa sababu chaji yake inakaa siku nne.